Mnyama Msaidizi katika Nyumba ya Kupanga: Haki ya Mpangaji Mwenye Ulemavu na Wajibu wa Mhudumu wa Afya

Mikataba mingi ya kupanga nyumba nchini Marekani huwa na kifungu kinachokataza wanyama, au kinachowaruhusu kwa malipo ya ziada. Kwa wapangaji wengi kifungu hicho ni jambo dogo. Kwa mpangaji asiyeona anayeongozwa na mbwa, kwa kiziwi ambaye mbwa wake humgusa mguu pindi king'ora cha moto kinapolia, au kwa mtu aliyenusurika vita na ambaye hofu ya usiku hutulia tu mnyama wake anapokuwa karibu, kifungu hichohicho chaweza kuwa sawa na mlango uliofungwa. Sheria ya nchi hiyo imeweka njia ya kuufungua mlango huo, na katika hali nyingi ufunguo wenyewe ni barua ya mhudumu wa afya.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, wamo Watanzania, Wakenya na wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanaoishi katika nyumba za kupanga nchini Marekani, na miongoni mwao wamo wenye ulemavu wa mwili, wa hisi na wa akili. Pili, mpangaji anapoombwa uthibitisho wa kitabibu, si ajabu akampigia simu ndugu yake aliye tabibu Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu kumwomba amwandikie barua. Makala haya yanaeleza sheria inataka nini, mpangaji anatakiwa kuthibitisha nini, na mhudumu wa afya aandike nini na aache nini.

Chimbuko la sheria

Matumizi ya mbwa kuwaongoza wasioona kwa utaratibu wa kitaalamu yalianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo shule ya kuwafunza mbwa hao ilifunguliwa mjini Oldenburg mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Nchini Marekani shule ya kwanza ya namna hiyo, The Seeing Eye, ilianzishwa mwaka 1929. Hata hivyo, kwa miongo mingi mtu asiyeona aliyekuwa na mbwa wake angeweza kunyimwa chumba bila ya kuwa na sheria ya kitaifa ya kumtetea.

Hatua ya kwanza ilikuwa Sheria ya Urekebishaji ya mwaka 1973, ambayo kifungu chake cha 504 kilipiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu, zikiwemo nyumba za umma. Sheria ya Haki katika Makazi ilikuwapo tangu tarehe 11 Aprili 1968, ilipotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King Jr. Lakini sheria hiyo ilipopitishwa ilihusu ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa. Ulemavu haukutajwa. Ulikuja kuongezwa na marekebisho ya mwaka 1988, yaliyoanza kutumika Machi 1989, na kuanzia hapo wamiliki wa nyumba binafsi nao wakafungwa na wajibu huo.

Msingi wa marekebisho hayo ni dhana inayoweza kuitwa marekebisho stahiki. Maana yake ni kwamba kukataa kubadili kanuni, sera, desturi au huduma, pale ambapo badiliko hilo ni la busara na ni la lazima ili mtu mwenye ulemavu apate fursa sawa ya kuitumia na kuifurahia nyumba, ni aina ya ubaguzi. Mwenye nyumba anayesema "hapa hatutaki mbwa, wala sikubagui, kwani nawakatalia wote" hajajinasua. Kanuni inayowahusu wote kwa usawa yaweza kumfungia nje mmoja tu, yule ambaye bila mnyama huyo hawezi kuishi humo kama wengine. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria humtaka mwenye nyumba angalau amsikilize anayekilalia.

Wanyama wa kazi na wanyama wa faraja

Mkanganyiko mkubwa hutokana na kuchanganya sheria mbili. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inahusu maeneo yaliyo wazi kwa umma: maduka, mikahawa, hospitali na ofisi. Chini ya kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011, mnyama wa huduma ni mbwa aliyefunzwa mahususi kufanya kazi inayohusiana na ulemavu wa mtu, pamoja na nafasi maalumu iliyotolewa kwa farasi wadogo waliofunzwa. Mfanyakazi wa duka asiyeona wazi kazi ya mbwa huyo anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na je, amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti wala kuuliza ugonjwa.

Sheria ya Haki katika Makazi ni pana zaidi kwa upande wa mnyama, lakini inahusu makazi tu. Chini yake mnyama msaidizi aweza kuwa wa aina mbili. Yupo mnyama wa kazi, aliyefunzwa kutenda jambo fulani: kumwongoza asiyeona, kumwashiria kiziwi sauti, kuokota vitu kwa ajili ya mtumiaji wa kiti cha magurudumu, kwenda kuita msaada wakati wa degedege la kifafa, au kumwamsha aliyepatwa na jinamizi litokanalo na kiwewe. Yupo pia mnyama wa faraja, ambaye hakufunzwa kazi yoyote, lakini ambaye uwepo wake hupunguza dalili za ulemavu wa akili. Mahakama ya shirikisho ya Ohio, katika shauri lililoamuliwa mwaka 2009, ilikubali kwamba mnyama asiyefunzwa aweza kuwa marekebisho stahiki katika makazi. Mwaka 2013 mahakama ya Nebraska iliamua kwamba mabweni ya chuo kikuu nayo ni makazi kwa maana ya sheria hiyo. Shauri hilo lilihusu mwanafunzi aliyenyimwa ruhusa ya kuishi na mbwa wake wa faraja, na lilimalizika mwaka 2015 kwa maafikiano ya dola 140,000.

Matokeo ya tofauti hii ni ya kila siku. Paka anayemsaidia mgonjwa wa sonona anaweza kuwa na haki ya kukaa naye chumbani, lakini hana haki ya kuingia naye sokoni. Vivyo hivyo katika ndege: tangu Januari 2021 mashirika ya ndege ya Marekani hayalazimiki tena kuwapokea wanyama wa faraja kama wanyama wa huduma. Mgonjwa anayedhani kwamba barua ya nyumba itamfungulia kila mlango atajikuta akibishana uwanja wa ndege, na aliyemwandikia bila kumweleza mipaka hiyo atakuwa amemwachia mzigo.

Mpangaji anatakiwa kuthibitisha nini

Mambo ni mawili. La kwanza ni kwamba mpangaji ana ulemavu kwa maana ya sheria, yaani hali ya mwili au akili inayozuia kwa kiasi kikubwa shughuli moja au zaidi za msingi za maisha, kama vile kuona, kusikia, kutembea, kupumua, kujifunza, kujihudumia au kufanya kazi. La pili ni kwamba kuna uhusiano kati ya ulemavu huo na msaada unaotolewa na mnyama. Ugonjwa peke yake hautoshi, na mapenzi kwa mnyama peke yake hayatoshi. Kinachotafutwa ni kiungo kati ya hayo mawili.

Uthibitisho hutegemea kinachoonekana. Tamko la pamoja lililotolewa Mei 2004 na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji pamoja na Wizara ya Sheria lilieleza kwamba, ikiwa ulemavu na haja vyote viko wazi, mwenye nyumba asidai karatasi yoyote. Mtu asiyeona anapofika na mbwa anayemwongoza, hakuna la kuthibitisha. Ikiwa ulemavu uko wazi lakini haja haiko wazi, aulize juu ya haja tu. Ikiwa vyote havionekani, kama ilivyo kwa maradhi mengi ya akili, anaweza kuomba maelezo ya kuaminika, lakini kwa kawaida hana haki ya kujua jina la ugonjwa, ukali wake, dawa zinazotumika, wala ya kupewa jalada la mgonjwa. Maelezo hayo yanaweza kutoka kwa daktari, muuguzi, mwanasaikolojia, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au mtu mwingine wa kuaminika anayeifahamu hali ya mpangaji.

Ombi halihitaji fomu maalumu wala maneno ya kisheria, na laweza kutolewa hata kwa mdomo. Pamoja na hayo, ni busara kuliandika, kulitia tarehe na kubaki na nakala, kwa kuwa mabishano mengi huamuliwa na karatasi. Ni bora pia liwasilishwe kabla mnyama hajaingia ndani, ingawa kuchelewa hakumpotezei mpangaji haki yake.

Kwa upande wa aina ya mnyama, mwongozo uliotolewa na Wizara ya Nyumba tarehe 28 Januari 2020 ulitofautisha wanyama wa kawaida wa nyumbani, kama mbwa, paka, ndege wadogo, sungura, samaki na kobe, na wanyama wasio wa kawaida, kama nyani au wanyama wa mifugo, ambao anayewaomba hubeba mzigo mkubwa zaidi wa kueleza kwa nini huyo na si mwingine. Ieleweke kwamba miongozo ya wizara si sheria. Hutolewa, hurekebishwa na hufutwa kadiri serikali zinavyopokezana. Kinachosimama ni maneno ya sheria yenyewe na hukumu za mahakama. Kwa hiyo, kabla ya kutegemea mwongozo wowote, ni vyema mpangaji aulize katika kituo cha msaada wa kisheria cha eneo lake ni upi unaotumika wakati huo.

Malipo, mipaka na sababu za kukataa

Mnyama msaidizi hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa kwa starehe. Kwa sababu hiyo, ada ya wanyama, nyongeza ya kodi ya pango au amana maalumu inayotozwa wafugaji wengine haipaswi kuwa sharti la kumkubali. Lakini mnyama akitafuna mlango au kuharibu zulia, mpangaji hulipia uharibifu huo kama anavyolipia uharibifu mwingine wowote. Wajibu wa kumlisha, kumchanja, kumsafisha, kuzoa kinyesi chake na kumdhibiti asiwasumbue majirani ni wa mpangaji peke yake.

Mwenye nyumba anaweza kukataa ikiwa mnyama mahususi ni tishio la moja kwa moja kwa afya au usalama wa wengine na hakuna njia ya kulipunguza tishio hilo, au ikiwa atasababisha uharibifu mkubwa wa mali. Tishio hilo lithibitishwe kwa mwenendo wa mnyama mwenyewe, kwa mfano kuwahi kumng'ata mtu, wala si kwa sifa mbaya ya mbegu yake au ukubwa wa mwili wake. Anaweza pia kukataa ikiwa badiliko linaloombwa litamletea mzigo wa fedha au wa uendeshaji usio wa kiasi. Hata hapo hatakiwi kufunga mazungumzo. Hutarajiwa kujadiliana na mpangaji kama ipo njia nyingine itakayokidhi haja.

Zipo pia nyumba zilizo nje ya mkono wa sheria hiyo. Mfano ulio mashuhuri ni jengo lisilozidi makazi manne ambalo mwenyewe anaishi katika mojawapo. Nyumba ya familia moja inayopangishwa na mwenyewe bila dalali nayo yaweza kusamehewa, mradi mmiliki hana zaidi ya nyumba tatu za namna hiyo. Jambo hili ni muhimu kwa wahamiaji wapya, ambao mara nyingi huanza maisha kwa kupanga chumba katika nyumba ya mwenyeji wao. Hata hivyo, sheria za baadhi ya majimbo na miji huwalinda wapangaji kuliko sheria ya kitaifa, hivyo msamaha wa juu si lazima uwe msamaha wa chini.

Barua ya mhudumu wa afya

Katika ulemavu usioonekana, barua ndiyo kiini cha ombi. Barua nzuri ni fupi. Inamtaja mwandishi, taaluma yake na leseni yake. Inaeleza kwamba mgonjwa yuko chini ya uangalizi wake. Inathibitisha kwamba mgonjwa ana hali inayozuia kwa kiasi kikubwa shughuli za msingi za maisha. Na inaeleza namna mnyama anavyopunguza athari za hali hiyo. Sentensi kama hii yatosha: "Mgonjwa huyu ana hali ya kiafya inayomzuia kwa kiasi kikubwa kulala na kujihudumia. Kwa tathmini yangu, uwepo wa paka wake nyumbani hupunguza dalili hizo, na ni sehemu ya mpango wake wa matibabu." Jina la ugonjwa halimo, dawa hazimo, historia ya kiwewe haimo. Siri ya mgonjwa imehifadhiwa, na mwenye nyumba amepata alichohitaji.

Barua mbaya huwa za namna mbili. Ya kwanza husema mno. Humwaga utambuzi wote wa ugonjwa mbele ya karani wa nyumba, na katika jamii ndogo ya wahamiaji, ambamo maradhi ya akili bado hubeba aibu, habari hiyo yaweza kumwumiza mgonjwa kuliko kukosa chumba. Ya pili haisemi kitu. Hudai tu kwamba mgonjwa "atafaidika" na mnyama, kauli inayoweza kusemwa juu ya karibu kila binadamu.

Si kazi ya mhudumu wa afya kumthibitisha mnyama. Hawezi kusema kwamba mbwa fulani ni mpole au amefunzwa vyema ikiwa hajui. Anathibitisha haja ya mgonjwa, basi. Hali kadhalika, hakuna daftari la kitaifa la wanyama wasaidizi nchini Marekani. Vyeti, kadi na fulana zinazouzwa kwenye intaneti havimpi mnyama hadhi yoyote ya kisheria, na mgonjwa anayevinunua amenunua karatasi.

Hapa ndipo penye hatari kwa wote. Barua zinapouzwa kwa yeyote mwenye kadi ya benki baada ya kujaza maswali machache, wenye nyumba hujifunza kuzitilia shaka barua zote, na anayeumia kwanza ni mgonjwa wa kweli asiyekuwa na ulemavu unaoonekana. Majimbo kadhaa yameitikia kwa kukaza sheria. California, kwa mfano, tangu Januari 2022 inamtaka mtoa barua ya mbwa wa faraja awe na leseni hai inayomruhusu kufanya kazi mahali barua inapotolewa, awe amefanya tathmini ya kitabibu, na uhusiano wake na mgonjwa uwe umedumu kwa siku 30 au zaidi kabla ya kuandika.

Kwa masharti ya namna hiyo, tabibu aliye Afrika Mashariki anayeombwa barua na jamaa aliye ng'ambo hapaswi kuiandika kama vile ndiye anayemtibu, ikiwa hajamwona kwa miaka na hana leseni ya huko. Msaada ulio bora ni kumhimiza aende kliniki ya jamii iliyo karibu naye, na kumpatia, kwa ridhaa yake, muhtasari wa matibabu aliyowahi kuyapata nyumbani. Muhtasari huo humsaidia tabibu wa huko kuelewa hali ya mgonjwa haraka. Inafaa pia mgonjwa aombe mkalimani wa kitaalamu, kwani mtoto hapaswi kufanywa mfasiri wa majinamizi ya mzazi wake.

Ushahidi wa kitabibu na tahadhari zake

Mhudumu wa afya huulizwa: je, wanyama hawa wanasaidia kweli? Jibu linatofautiana kwa aina. Manufaa ya mbwa mwongozaji yanaonekana kwa macho: mtu alikuwa hawezi kuvuka barabara peke yake, sasa anavuka. Kwa mbwa wa kifafa, kusaidia baada ya degedege kuanza ni jambo linalofunzika. Kubashiri degedege kabla halijaanza ni dai lenye ushahidi dhaifu. Mbwa wanaotambua kushuka kwa sukari wameonyesha uwezo unaotofautiana sana kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, hivyo mgonjwa wa kisukari asiache kipimo chake kwa kumtegemea mbwa. Kwa wanyama wa faraja utafiti bado ni mchache, na mara nyingi uamuzi hutegemea tathmini ya mgonjwa mmoja mmoja: je, amelala vizuri zaidi, ametoka nje zaidi, amehudhuria kliniki zaidi tangu ampate mnyama?

Tathmini hiyo itazame madhara pia. Mwenye kinga dhaifu aonywe juu ya mikwaruzo ya paka na usafishaji wa kinyesi chake, ambacho chaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma. Mjamzito naye amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Kobe huweza kueneza salmonela, na ndege jamii ya kasuku huweza kuleta homa ya mapafu. Mzee mwenye mizani dhaifu ya mwili aweza kujikwaa na kuanguka kwa sababu ya mbwa mdogo aliyelala njiani. Ikiwa mgonjwa hawezi kumtunza mnyama siku anazolemewa na ugonjwa, aulizwe mapema ni nani atakayemlisha. Mnyama aliyetelekezwa hawezi kuwa tiba ya mtu.

Pale ambapo tathmini inaonyesha kwamba hakuna haja, mhudumu aseme hivyo kwa upole na kwa uwazi, kisha aeleze tiba nyingine zilizopo. Kukataa kuandika barua isiyo ya kweli hakumtupi mgonjwa. Kunailinda thamani ya barua itakayoandikwa kesho kwa ajili ya mwingine.

Jirani naye ana haki

Nyumba ya kupanga ni mahali pa watu wengi. Jirani mwenye pumu kali inayochochewa na manyoya ya paka naye aweza kuwa na ulemavu kwa maana ileile ya sheria. Chembe za mzio wa paka hubaki katika mazulia na makochi kwa miezi kadhaa hata baada ya mnyama kuondoka. Kwa kawaida suluhisho si kumfukuza mmoja, bali kuwatenganisha: vyumba vilivyo mbali, milango tofauti, uchujaji wa hewa, na usafi wa maeneo ya pamoja.

Lipo pia suala la imani na mazoea. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji utaratibu maalumu wa kutoharishwa, ingawa mafundisho ya Kiislamu yanatambua mbwa wa kuwinda, kuchunga na kulinda. Aidha, katika nchi ambazo kichaa cha mbwa kingali kinaua watu, na ambako karibu asilimia 99 ya maambukizo ya binadamu hutokana na mbwa, kumwogopa mbwa si ushamba bali ni elimu iliyopatikana kwa uchungu. Jirani mwenye hofu au katazo hilo anastahili heshima: mbwa afungwe mkanda, asiachwe kumsogelea katika lifti, na nguo zake zisiguswe. Lakini hofu hiyo haiondoi haki ya asiyeona kuishi hapo. Kwa mgonjwa Mwislamu anayehitaji mnyama wa faraja, tabibu asikimbilie kupendekeza mbwa. Paka aweza kutosha na asimletee mgongano wa dhamiri.

Ombi linapokataliwa

Mpangaji aliyekataliwa aombe sababu kwa maandishi, kisha aongeze maelezo yanayokosekana, kwa kuwa mara nyingine kukataliwa ni matokeo ya barua isiyokamilika. Ikiwa bado anakataliwa, au ikiwa ombi lake limecheleweshwa pasipo sababu, anaweza kupeleka malalamiko Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji bila malipo ndani ya mwaka 1 tangu tendo la ubaguzi, au kufungua kesi mahakamani ndani ya miaka 2. Kumlipizia kisasi mpangaji kwa sababu amedai haki hii ni kosa lingine linalojitegemea. Asiache kulipa kodi ya pango wakati shauri linaendelea, kwani deni laweza kumpa mwenye nyumba sababu halali ya kumtoa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Mbwa waongozaji ni nadra Tanzania na Kenya, na fimbo nyeupe au mkono wa mtoto wa nyumbani ndio hutumika zaidi. Hata hivyo, msingi wa sheria si mgeni kwetu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Marekani yenyewe ilitia saini mkataba huo mwaka 2009 lakini haijauridhia. Mkataba unasema kwamba kunyima marekebisho stahiki ni ubaguzi, na katika vifungu vyake juu ya ufikivu na mwendo wa mtu unataja misaada iliyo hai pamoja na vifaa na teknolojia.

Kwa hiyo swali linalomhusu mwenye nyumba wa Dallas lina jamaa yake Manzese na Kisauni. Mpangaji aliyepooza anapoomba abadilishiwe chumba cha ghorofani apewe cha chini, au mwenye ulemavu wa akili anapoomba ndugu yake mwangalizi aishi naye bila kuhesabiwa mpangaji wa ziada, haombi upendeleo. Anaomba kanuni ipindwe kidogo ili apate kilekile ambacho wengine wanakipata bila kuomba. Mhudumu wa afya aweza kumwandikia barua ya aina ileile: fupi, ya kweli, inayotunza siri, na inayoeleza kiungo kati ya hali yake na kitu anachokihitaji.

Katika kliniki, hatua ya kwanza ni ndogo. Anapoandika historia ya mgonjwa mwenye ulemavu, mhudumu wa afya amwulize pia anaishi wapi, anaishi na nani, na ni nini ndani ya nyumba hiyo kinachomsaidia au kumkwaza. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayompa cha kuandika barua itakapohitajika.